Kabla ya programu, mpe kila mtoto namba

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni karani wa ada katika shule ya msingi binafsi hapa Morogoro. Tuna wanafunzi 412. Kila siku napokea malipo ya benki na ya simu, nayaandika kwenye Excel, kisha kwenye daftari la stakabadhi. Ijumaa natengeneza ripoti ya mkuu wa shule kwa kunakili kutoka mafaili matatu. Mwisho wa mwezi nawaandikia ujumbe wazazi wenye deni, mmoja mmoja, na kazi hiyo hula siku mbili nzima. Nimesikia kuna programu zinazofanya kazi za kujirudia zijiendeshe zenyewe, hata kama mtu hajui kuandika programu. Nilifungua akaunti mbili nikachanganyikiwa. Nianzie wapi? Na nikifanikiwa, si watasema hawanihitaji tena?"

Marahaba, mwanangu.

Zile akaunti mbili ziache kwanza. Hukuchanganyikiwa kwa sababu kompyuta imekushinda. Programu za aina ile huanza kwa kukuuliza, "Kikitokea nini, nifanye nini?" Swali hilo lina jibu pale tu kumbukumbu zako zinapokuwa zimenyooka. Kwako bado, kwa sababu yakiingia malipo ya shilingi 350,000 saa kumi jioni, hakuna anayejua ni ya mtoto gani isipokuwa wewe, na wewe unajua kwa sababu unakumbuka kwamba jina lile ni la mjomba wa yule mtoto wa darasa la nne.

Nimeshika hesabu za shule kwa miaka kumi na moja kabla ya kuanza kuwafundisha wenzangu, na naweza kukuambia siku zako zinaliwa wapi. Huliwi na kuandika. Unaliwa na kutafuta. Deni liko kwa jina la mtoto, malipo yanakuja kwa jina la mlipaji. Baba katuma kwa laini ya shemeji yake. Mama kaenda benki, karani wa dirishani kaandika jina nusu. Shuleni kuna akina Neema Joseph wawili, mmoja wa la tatu na mwingine wa la tano, na ujumbe wa benki unasema tu "ADA NEEMA". Kila muamala unakuwa kitendawili kidogo, na wewe unategua vitendawili thelathini kwa siku. Hapo hata programu ya bei kubwa kiasi gani haitakusaidia, itaharakisha makosa tu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji kompyuta kabisa. Mpe kila mtoto namba.

Watoto wa shule ya msingi wana namba za PReM za Baraza la Mitihani, lakini ni ndefu mno kwa mzazi aliyesimama kwa wakala na foleni iko nyuma yake. Tunga yenu, fupi, ya tarakimu tano: mbili za mwaka wa kuingia shuleni na tatu za mpangilio. Aliyeingia mwaka 2024 akiwa wa kumi na saba kuandikishwa awe 24017. Usianze na sifuri, maana Excel huifuta sifuri ya mbele bila kukuuliza. Usiweke darasa ndani ya namba, kwa sababu mtoto hupanda darasa kila Januari na namba itakuwa inadanganya. Na mtoto akihama, namba yake ihame naye, asipewe mwingine hata miaka mitano baadaye. Iandike kwenye stakabadhi, kwenye fomu ya kujiunga, kwenye jalada la diari ya mtoto. Waombe wazazi waiandike kila wanapolipa, sehemu ya kumbukumbu au maelezo. Uliza pia kwenye tawi la benki yenu, kwa kuwa benki zetu kubwa zina huduma ya kupokea ada kwa namba ya mwanafunzi, na shule nyingi hazijawahi kuiomba.

Nusu ya wazazi watasahau namba muhula wa kwanza. Hilo nimelizingatia, utaona.

Sasa Excel. Una mafaili matatu, na nakisia ni faili la kila njia ya malipo au faili la kila mwezi. Hapo ndipo ilipo nusu ya jibu, na imo ndani ya swali lako: unanakili kila Ijumaa kwa sababu taarifa moja inakaa mahali patatu. Tengeneza faili moja lenye karatasi tatu. Nikisema safu ni ile inayoshuka chini, na mstari ni ule unaokwenda kulia.

Karatasi ya kwanza iite Wanafunzi. Mstari mmoja kwa kila mtoto: namba, jina, darasa, simu ya mzazi, ada ya mwaka. Karatasi ya pili iite Malipo. Mstari mmoja kwa kila malipo: tarehe, namba ya mtoto, kiasi, njia, jina au simu ya mlipaji, kumbukumbu ya muamala, namba ya stakabadhi. Mtoto akilipa mara sita kwa mwaka ana mistari sita. Najua sasa hivi una safu ya Januari, safu ya Februari, na kuendelea hadi Desemba, kama lilivyochorwa daftari kubwa la zamani. Lile daftari lilichorwa hivyo kwa ajili ya jicho la mtu. Kompyuta inataka malipo yote yashuke kwenye safu moja, kisha yenyewe itakukatia kwa mwezi, kwa darasa, kwa njia, utakavyo.

Karatasi ya tatu iite Walipaji, na hii ndiyo dawa ya wanaosahau namba. Ina safu mbili tu: simu au jina la mlipaji, na namba ya mtoto anayemlipia. Kila unapotegua kitendawili, andika jibu hapo. Yule mjomba wa darasa la nne umtegue mara moja tu maishani. Safari ijayo fomula ya VLOOKUP itamtafuta kwenye Walipaji na kukuletea namba ya mtoto. Mwanzoni karatasi hii itakuchosha, lakini kufika muhula wa pili utashangaa jinsi nyuso mpya zilivyo chache, kwa sababu watu wale wale ndio hulipa kutoka simu zile zile.

Angalia jambo moja hapa, maana ni la haki na siyo la ufundi tu. Mzazi mwenye watoto wawili akituma 600,000, fomula haijui agawe vipi. Usiiruhusu ikisie. Mlipaji wa namna hiyo mwandikie neno ULIZA badala ya namba, ili malipo yake yabaki yanakusubiri wewe umpigie. Malipo yaliyokaa siku moja bila mwenyewe hayamdhuru mtu, ila yakienda kwa mtoto asiyehusika, yatamtoa mtoto mwingine darasani.

Kila karatasi, kabla hujaandika lolote zaidi, weka kishale ndani ya data yako ubonyeze Ctrl na T. Excel itaigeuza kuwa jedwali rasmi. Linaonekana kama pambo la rangi, lakini ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, na sababu yake niliipata kwa uchungu. Mwaka wangu wa tatu kazini nilipanga orodha ya wadaiwa kuanzia deni kubwa, na nilichagua safu ya deni peke yake. Namba zikapanda na kushuka, majina yakabaki palepale. Sikuona. Nikatuma ujumbe kwa wazazi zaidi ya mia. Mama mmoja aliyekuwa amemaliza ada yote alikuja shuleni akiwa na stakabadhi zake kwenye mfuko wa rambo, amefunga safari kutoka kijijini, anatetemeka, akidhani mwanawe atafukuzwa. Sijamsahau. Ukiwa na jedwali la Ctrl na T, ukipanga safu moja, mstari mzima huenda pamoja. Pia ukiandika mstari mpya chini, jedwali hulipokea na fomula hujiendeleza zenyewe.

Salio la kila mtoto sasa ni fomula moja. Kwenye karatasi ya Wanafunzi, ikiwa namba ya mtoto iko safu A, na kwenye Malipo namba iko safu B na kiasi safu C, andika hivi kwenye safu ya F uliyoipa jina Amelipa:

=SUMIFS(Malipo!C:C,Malipo!B:B,A2)

Yaani jumlisha kila kiasi ambacho namba yake inafanana na ya mtoto huyu. Kompyuta yako ikikataa alama ya mkato, weka nukta-mkato badala yake, inategemea mipangilio ya eneo. Safu ya G iite Salio, nayo ni ada ya mwaka kutoa F. Umeandika mara moja, watoto 412 wamepata, na kila malipo mapya yakiingia salio linabadilika bila wewe kugusa kitu. Hii tayari ni kazi inayojiendesha. Watu wengi huitafuta mbali wakati iko kwenye programu waliyoizoea.

Yapo mambo matatu ambayo Excel itakuharibia kimyakimya, na ni heri uyajue leo. Namba za simu zinazoanza na sifuri zitapoteza sifuri, kwa hiyo ziandike kwa 255 mbele. Tarehe zinategemea mipangilio: 05/03 kwako ni tarehe tano Machi, lakini kompyuta iliyowekwa Kimarekani itaisoma Mei tatu, basi kagua mipangilio kabla ya kubandika chochote kutoka benki. La tatu ni namba za NIDA, kama mnazitunza za wazazi. Zina tarakimu 20, na Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba, zinazobaki huzigeuza sifuri. Ukishahifadhi faili, zile tano za mwisho zimepotea, hakuna namna ya kuzirudisha. Safu hiyo ifanye iwe ya maandishi, yaani Text, kabla ya kuandika ndani yake.

Na malipo yaliyoandikwa mara mbili? Ndiyo maana nikaweka safu ya kumbukumbu ya muamala. Hakuna miamala miwili yenye kumbukumbu moja. Chagua safu hiyo, nenda Conditional Formatting, chagua Duplicate Values, na kila iliyojirudia itawaka rangi papo hapo.

Ukifika hapa, pumzika wiki mbili. Nasema kweli. Usiongeze kitu. Fanya kazi zako kwa faili jipya, na la zamani liendelee kando, ili siku mkuu wa shule akiuliza usikwame. Daftari la stakabadhi nalo usiliondoe hata baadaye, mkaguzi atalitaka, na umeme ukikatika litakuwa ndilo pekee linalosomeka.

Baada ya hapo njoo kwenye malipo ya benki. Badala ya kuyaandika kwa mkono ukitazama karatasi, iombe benki ikupe taarifa ya akaunti kwa faili la Excel au CSV, siyo PDF. Tengeneza folda moja, kila wiki tupia humo faili jipya. Kisha kwenye Excel ya 2016 na kuendelea, kwenye kompyuta ya Windows, kuna chombo kiitwacho Power Query. Kiko kwenye menyu ya Data. Kielekeze kwenye folda ile kwa kuchagua From Folder. Utakionyesha mara moja tu: ondoa mistari ya juu yenye nembo ya benki, acha safu hizi, futa zile, badilisha tarehe. Kinakumbuka kila hatua uliyoifanya, na wiki ijayo ukibonyeza Refresh kinarudia zote kwa faili jipya. Hutaandika neno lolote la programu. Nimewafundisha hiki chombo makarani ambao hawajawahi kuandika fomula ndefu kuliko ya kujumlisha, na walikishika kwa alasiri moja. Kama ungeniomba nikuchagulie kitu kimoja tu cha kujifunza mwaka huu, ningekutajia hicho.

Ripoti ya Ijumaa ni nyepesi kuliko unavyodhani. Simama kwenye jedwali la Malipo, nenda Insert, chagua PivotTable. Buruta darasa, buruta mwezi, buruta kiasi. Kama darasa halimo kwenye Malipo, lilete kwa VLOOKUP kupitia namba ya mtoto. Ipange mara moja kama mkuu wa shule anavyopenda kuiona, na kila Ijumaa kazi yako iwe ni kubonyeza Refresh na kuchapisha. Ila kabla ya kuchapisha, fanya kitu ambacho wahasibu wa zamani walikifanya kwa kalamu: linganisha jumla. Jumla iliyoingia benki na kwenye simu kwa wiki hiyo iwe sawa na jumla ya jedwali lako, hadi shilingi ya mwisho. Na idadi ya miamala iwe sawa na idadi ya mistari.

Usilichukulie hili kama la kizamani. Mwaka 2020, wakati wa korona, taasisi ya afya ya umma ya Uingereza ilipoteza matokeo 15,841 ya wagonjwa kwenye hesabu za kila siku. Maabara zilituma mafaili, mfumo uliokuwa ukijiendesha ukayapakia kwenye Excel ya muundo wa zamani ambayo mwisho wake ni mistari 65,536, na kilichozidi hapo kikaachwa nje. Hakuna kengele iliyolia. Maelfu ya watu waliokaa karibu na wagonjwa wakachelewa kuambiwa. Kulinganisha tu mistari iliyotumwa na mistari iliyopokelewa kungelionyesha tatizo siku ya kwanza. Kazi inayojiendesha haichoki wala haishtuki, hivyo lazima uipe mahali pa kushtukia.

Tuje kwenye zile siku mbili za ujumbe. Kwenye karatasi ya Wanafunzi ongeza safu iitwayo Ujumbe, na ndani yake weka fomula inayotunga sentensi:

="Mzazi wa "&B2&", salio la ada ni Sh "&TEXT(G2,"#,##0")&". Namba ya mtoto ni "&A2&". Ukiwa umelipa au una shida, tupigie. Ahsante."

Kila mzazi amepata sentensi yake, na jina na kiasi chake. Chuja wenye salio kubwa kuliko sifuri, na una orodha kamili yenye simu na ujumbe. Kampuni zinazouza huduma ya SMS nyingi kwa pamoja hupokea faili la Excel la namna hii na kutuma zote kwa mara moja. Kama mnatuma barua za karatasi, Word ina Mail Merge inayofanya kazi hiyohiyo: barua moja, majina yote.

Kuna jambo dogo la gharama ambalo sijaona likisemwa kwa Kiswahili. SMS moja ya kawaida hubeba herufi 160, ikizidi inahesabiwa ni mbili na mnalipa mara mbili. Lakini ikiwemo alama moja tu isiyo ya kawaida, uwezo unashuka hadi herufi 70. Sisi tuna neno kama "king'amuzi" au "ng'ambo". Ukiandika kwenye Word, ile alama ya juu hugeuzwa kuwa iliyopinda, na hiyo iliyopinda ndiyo isiyo ya kawaida. Ujumbe mmoja unakuwa wa bei ya miwili au mitatu, mara watoto mia mbili. Majina yenye alama hiyo yaandike kwenye Excel moja kwa moja, na tumia fomula ya LEN kuhesabu urefu wa kila ujumbe.

WhatsApp? Programu ya WhatsApp Business ina majibu ya haraka, ambayo ni msaada mkubwa kwa maswali yaleyale ya "namba ya akaunti ni ipi". Iweke leo, haichukui dakika kumi. Ila orodha ya kutangazia haizidi watu 256, na ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yenu. Kuna watu watakuuzia programu za pembeni za kurusha ujumbe kwa mamia kupitia WhatsApp, wakatae. Ni kinyume cha masharti ya WhatsApp na namba ya shule inaweza kufungiwa, wakati wazazi wote wanaijua hiyo. Na deni la mtu lisiwekwe kamwe kwenye kundi la darasa. Mzazi aliyeaibishwa halipi haraka zaidi, anaacha tu kupokea simu yenu.

Kabla ya kutuma, kila mara, fuata mpangilio huu: sasisha malipo hadi ya asubuhi hiyo, linganisha jumla, jitumie mwenyewe na wenzako wawili, mpe mkuu wa shule aangalie orodha, ndipo utume. Hatua ya kutuma usiiache ijiendeshe. Utungaji wa ujumbe ujiendeshe kadiri unavyotaka, lakini kidole cha mwisho kiwe cha mtu.

Sasa, zile akaunti zako. Huduma za mtandaoni za aina ile, kama Zapier, Make na Power Automate, zote zina wazo moja: kichochezi na kitendo. Mzazi akijaza fomu, barua pepe imfikie mwalimu wa darasa. Ni nzuri, na faida yake kubwa kwetu ni kwamba zinafanya kazi kwenye mtandao hata kompyuta yako ikiwa imezimwa na TANESCO wamekata. Lakini Zapier na Make hutoza kwa kuhesabu kila kitendo, Power Automate kwa kawaida kwa kila mtumiaji, kwa dola na kwa kadi ya benki, na sehemu zao za bure huisha upesi. Kwa shule yenu sioni haja mwaka huu. Kama mnataka fomu ya kuandikisha watoto wapya, Google Forms ni ya bure na majibu yake huingia moja kwa moja kwenye jedwali la Google Sheets, bila kiunganishi chochote katikati.

Kuna pia Power Automate ya kompyuta yenyewe, ambayo Microsoft iliifanya ya bure kwa watumiaji wa Windows 10 mwaka 2021. Hiyo hutazama unavyobonyeza na kurudia kwa niaba yako. Nimeitumia kupakua taarifa kutoka tovuti moja kila asubuhi, na ilifaa hadi siku tovuti ilipobadilisha mahali pa kitufe. Kinachoiga vidole huvunjika mara nyingi, ndiyo maana nakusukuma kwenye fomula na Power Query ambavyo hushika data yenyewe.

Ukikwama kwenye fomula, programu za akili bandia kama ChatGPT huzitunga vizuri ukieleza kwa Kiswahili safi. Mweleze majina ya safu zako na unachotaka, inatosha. Usimpe orodha ya watoto. Hata tovuti za bure za kubadilisha PDF kuwa Excel usizipakie majina na simu za wazazi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na shule ni mtunzaji wa taarifa za watoto wa watu. Lakini hata isingekuwepo sheria, wale wazazi walikupa namba zao kwa sababu wanakuamini.

Umeuliza kama watakuona huhitajiki tena. Naelewa hofu hiyo, niliwahi kuwa nayo. Hesabu na mimi: miamala 30 kwa siku, dakika nne za kutafuta na kuandika kila mmoja, ni saa mbili. Ukiokoa saa moja na nusu kila siku, zipo familia kwenye orodha yako ambazo muda huo ni wao. Baba aliyekuwa analipa kwa wakati miaka mitatu, mara miezi miwili kimya. Jedwali litamwonyesha kama mstari mwekundu. Wewe ndiye utakayempigia na kusikia kwamba amelazwa, na utakayempelekea mkuu wa shule ombi la kumgawia malipo kwa awamu ndogondogo. Shule hupoteza watoto kwa kutojua habari kama hizo mapema. Mwambie mkuu wako hivyo tangu sasa, kabla hujaanza, na mwonyeshe saa ulizookoa zimekwenda wapi.

Na usilifiche faili. Andika karatasi moja, kwa mkono ukitaka: faili liko wapi, bonyeza nini kwanza, linganisha nini na nini, neno ULIZA maana yake nini. Mpe mwenzako mmoja aifuate siku ambayo wewe umekaa pembeni huongei. Atakapokwama, hapo ndipo karatasi haijakamilika, ongeza mstari.

Wiki hii usifungue kompyuta kwa ajili ya hili. Chukua orodha ya watoto 412 na kalamu, anza na waliosajiliwa mwaka wa nyuma kabisa, uwape namba. Ukifika wa mwisho niandikie, na uniambie taarifa ya benki yenu inakuja na safu gani, tuipange Power Query pamoja.